Jina la Kutaja Mbele ya Chungu

Tarakea, 2 Juni 1999

Mdogo wangu Ildefonce,

Barua hii anakuletea Khalid, dereva wa lori la maharage. Akirudi mpe majibu, usimwache aje mikono mitupu kama ile siku.

Theopista amevimba mikono. Ilianza kidole kimoja, nikafikiri ameumwa na mdudu. Leo ni vidole vyote, na nyayo, vinang'aa kama maandazi. Ukimgusa analia mpaka sauti inakata. Ana miezi kumi, Ilde. Ndugu zake wawili waliomtangulia walianza hivi hivi. Wa kwanza tulimzika ana miezi tisa, wa pili kumi na moja. Hakuna aliyewahi kusimama kwa miguu yake.

Unajua ninachofikiri. Mama naye anajua, ila hasemi.

Jirani yetu Bibi Dominika alipoibiwa lile gunia la kahawa alizunguka sokoni siku tatu na chungu cha laana, anakigonga anasema: aliyechukua, tumbo lililomzaa lisipate mjukuu wa kusimama. Tumbo hilo ni la Mama. Wewe huna mtoto. Julius amekufa hana mtoto. Nimebaki mimi.

Sasa sikia. Mama mmoja wa Kibosho anayeleta ndizi huku ameniambia chungu chenyewe kipo. Bibi alipofariki wajukuu zake walikipeleka kwenye nyumba ya marehemu Mwalimu Efraimu, ile ya mawe. Siku hizi inaitwa Nyumba ya Hadithi, watu wanaingia kutazama vitu vya zamani.

Nenda. Uende hujala kitu. Ushike jani la isale mkononi kama mtu anayekwenda kuomba msamaha, usimame mbele ya chungu useme kwa sauti: kahawa ilichukuliwa na Julius. Wazee wa huku wananiambia mwenye chungu akiwa amekufa, chungu kinasikia chenyewe. Kikishaambiwa jina kinaachia. Ila lazima aseme mwanaume wa tumbo lile lile, na umebaki peke yako.

Najua ni kaka yetu na ni marehemu. Lakini alipokuwa hai hakutaka kusema, wacha tumsemee.

Dada yako,
Mektrida

*

Shirimatunda, 6 Juni 1999

Dada Mektrida, shikamoo.

Barua nimeipata. Khalid yuko hapa kwenye tanuru la matofali ananingoja, anakula mihogo. Mimi na kuandika unanijua, darasa la nne lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo naandika kama ninavyoongea.

Jana Jumamosi nimekwenda. Sikula. Isale nilikata kwenye mpaka wa kihamba, shamba la migomba la watu, nikaificha ndani ya shati, maana ukionekana na isale kila mtu anauliza umemkosea nani.

Ile nyumba unaikumbuka. Tulikuwa tunapita na ndoo, Mwalimu Efraimu anatuita barazani tumpe hadithi za bibi yetu, yeye anaandika. Wewe ulikuwa unasema, mimi nimejificha nyuma ya gauni lako. Sasa wamepaka chokaa na bati wamelipaka rangi nyekundu. Mlangoni kuna mtu wa mjini anaitwa Sadallah, kofia ya Kiislamu, maneno mengi. Nilisimama getini muda mrefu mpaka akaniita.

"We kijana, mbona umesimama kama umekuja kudai? Ingia bwana! Nyie Wachagga vitu vyenu wenyewe mnasubiri mzungu avione kwanza."

Nikaingia. Chumba cha kwanza kuna mafiga matatu na vigoda. Ukikaa, Sadallah anabonyeza kaseti, unasikia sauti ya Mwalimu mwenyewe anahadithia yule msichana aliyemezwa na zimwi akienda kukata majani ya ng'ombe. Walikuwepo kina mama wawili wa Kizungu wamekaa kwenye vigoda, magoti yamefika kidevuni. Hawaelewi hata neno, wanatikisa vichwa tu. Mimi nilielewa yote. Kuna mahali Mwalimu anakohoa sana, hawakupafuta.

Chumba cha pili ndo kuna chungu. Nilikuwa naona kichwani mwangu kitu kikubwa. Ni kidogo, dada. Ukipikia mtori wa ndizi utatosha watu wawili. Kimepasuka mdomo. Wamekiweka ndani ya kabati la kioo na taa juu yake kama kwenye duka la saa. Chini kuna karatasi imepigwa chapa, nikaisoma polepole mpaka nikaimaliza. Imeandikwa: Chungu cha laana. Kilikuwa cha mjane Dominika wa Kibosho. Kilitumika mara ya mwisho mwaka 1990, alipoibiwa kahawa. Mwizi hakujulikana.

Sadallah akawaeleza wale kina mama kwa Kiingereza, halafu akanigeukia mimi. "Na wewe unaijua hii? Bibi alizunguka nayo, ti, ti, ti, anaigonga na kijiti. Mpaka leo jamaa yuko huko mtaani anatembea na mashaka yake!" Akacheka. Na mimi nikacheka, sijui kwa nini.

Nimesema. Basi, hiyo imekwisha, usiwaze tena.

Msalimie shemeji Gidioni. Theopista mshike mkono kwa niaba yangu, ule usiouma sana.

Mdogo wako,
Ildefonce

*

Tarakea, 9 Juni 1999

Ilde mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama pale pale barabarani, nikalia. Mungu akubariki. Nilikuwa naogopa utaishia getini.

Jana usiku mtoto amelala kidogo. Mikono bado, lakini amelala. Gidioni alishapanga kumteremsha hospitali kubwa huko Moshi, nikamkatalia. Nimemwambia chungu kimeshaambiwa, tukimrusharusha kwenye magari sasa hivi tunamtesa bure, tungoje siku saba. Amekasirika. Analala dukani, chakula anapelekewa na mtoto wa jirani.

Ila niandikie ulisemaje. Kioo walifungua? Isale uliigusisha kwenye mdomo wa chungu? Jina ulilitaja lote, Julius mwana wa Tito, au ulisema Julius tu? Wazee wananiuliza sina la kuwajibu. Umeniandikia kila kitu, mpaka kikohozi cha marehemu, halafu lile nililokutuma umeandika neno moja.

Dada yako,
Mektrida

*

Shirimatunda, 11 Juni 1999

Dada,

Usingoje siku saba. Mpeleke leo. Msikilize shemeji.

Kioo hakikufunguliwa. Isale haikutoka ndani ya shati, nilirudi nayo mpaka huku imenichubua kifua. Na sikusema kwa sauti. Nilikuandikia nimesema kwa sababu nilijua unangoja, na Khalid alikuwa amesimama juu ya kichwa changu anauliza, "Bado tu? Unaandika Biblia?" Nilisema moyoni. Hata huko moyoni sina hakika.

Dada, jina la Julius siwezi kulisema mbele ya kile chungu. Nilifungua mdomo nikamwona siku ile Baba alipomtolea begi lake nje kwenye matope. Wewe ulikuwa ndani na Mama mnalia. Mimi nilikuwa kwenye banda la mbuzi, nikamwona alivyoinama anafunga kamba. Akajua nipo. Akanikonyeza, akaenda zake.

Nakuomba mpeleke Theopista hospitali. Mambo ya chungu niachie.

Ildefonce

*

Tarakea, 14 Juni 1999

Ildefonce,

Kumbe ulinidanganya. Na mimi nimekaa na mtoto siku hizi zote nimemkunjia mume wangu uso, nangoja kitu ambacho hakikufanyika.

Macho yake yamekuwa ya njano. Hanyonyi. Sasa hivi hata kulia halii, anaguna tu kama mtu mzima. Na wewe unaniletea habari za Julius kukonyeza.

Hivi unafikiri mimi sikumpenda Julius? Alinibeba mgongoni mpaka shule mguu wangu ulipokuwa na kidonda. Lakini alichukua. Kijiji kizima kilijua. Gunia limepotea Jumatano, Jumapili ya kipaimara wewe umevaa viatu vipya vyeusi, na Baba alipouliza vimetoka wapi Julius akasimama mbele ya watu akasema, "Nimemnunulia mimi." Kwa pesa gani? Akanyamaza. Bibi Dominika akaja na isale yeye mwenyewe, mwenye kuibiwa, akampigia magoti Julius aseme tu, ili yeye Bibi ayaondoe maneno yake. Akanyamaza. Angesema siku ile mimi leo nina watoto watatu.

Wewe tangu mdogo ukiulizwa unatazama chini. Ulivyokuwa unanitazamia chini nikiwa nakufundisha kusoma nilifikiri ni aibu, nikakuonea huruma. Sasa sina tena huruma ya kukugawia. Nakupa mpaka Jumamosi. Usimame pale, useme jina la kaka yako, kwa sauti, hata kama jengo zima limejaa watu. Usipofanya, mtoto akifa usije msibani.

Mektrida

*

Shirimatunda, 19 Juni 1999

Dada Mektrida, shikamoo.

Nimetoka kule sasa hivi. Naandika haraka kabla sijaanza kuogopa. Khalid hayupo, barua naipa basi.

Leo kulikuwa na watu wengi. Watalii kama kumi na tano wametoka kupanda mlima, pua zimebabuka, na wanafunzi wa sekondari na mwalimu wao. Nilifikiri nirudi. Nikakumbuka ulivyoandika hata jengo likijaa. Nikapita katikati yao mpaka kwenye kioo, nikaitoa isale, nikapiga magoti. Sadallah alikuwa anaeleza, akanyamaza. Wote wakageuka.

Nikasema. Nimesema kwa sauti, dada, sijawahi kujisikia nina sauti ile. Nimesema: Bibi Dominika, kahawa yako ilichukuliwa na Ildefonce mwana wa Tito. Ni mimi.

Soma tena kama hujaelewa. Ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na nne. Kipaimara wenzangu wote walikuwa na viatu, Baba alisema nitavaa ndara za Julius nizifunge na uzi. Kahawa ya Bibi ilikuwa imeanikwa nyuma ya nyumba, yeye amekwenda kanisani. Nikakusanya kwenye gunia, nikalikokota mpaka njia ya chini, kulikuwa na wale wanunuzi wa kahawa wa kificho wenye pikipiki. Nilivyorudi nimeshika boksi la viatu nikakutana na Julius kwenye migomba. Akatazama boksi, akatazama mikono yangu ina maganda ya kahawa. Akasema, "Nenda ukanawe." Basi. Hakuniuliza kitu kingine mpaka anaondoka.

Nilijua atasema. Halafu hakusema. Nikajua nitasema mimi kesho. Bibi alipopita anagonga kile chungu nilikuwa nimejibanza kwenye choo nimeziba masikio. Halafu Baba akamfukuza. Halafu ikawa ni jambo la zamani. Na Julius alipokufa machimboni Mererani nikasema sasa haina haja tena. Na kabla ya hapo, watoto wako walipokufa, wa kwanza na wa pili, nilichimba makaburi yao mimi mwenyewe na nikawa najua, kila nikitupa udongo, na sikusema.

Leo nililisema lote pale chini. Gunia, viatu, choo, makaburi. Nilikuwa nalia. Nilipomaliza wakapiga makofi.

Dada, walipiga makofi. Wale watalii walifikiri ni mchezo, kwamba nimewekwa pale na wenye nyumba. Mmoja alikuwa ameshanipiga picha. Wanafunzi nao wakapiga kwa sababu wageni wamepiga. Sadallah akanishika bega akaninyanyua, akaninong'oneza, "Kijana wewe ni moto! Hilo la viatu umelitunga mwenyewe? Njoo kila Jumamosi, nitaongea na wenye nyumba." Nikamwambia siyo mchezo. Akacheka, "Ndivyo hivyo hivyo, usibadilishe."

Nikamwambia tena siyo mchezo, ni kweli, nifungulie kioo. Akanitazama. Naona alielewa, maana kicheko kilimwisha kidogo kidogo. Akasema, "Ufunguo anao mwenye nyumba." Akawageukia wageni akawaambia kitu kwa Kiingereza, wakaenda chumba kingine. Nikabaki na chungu. Taa ikazimwa kwa sababu wageni wameondoka.

Sijui kama kimesikia. Niambie mtoto yukoje. Isale ile ile nimeikunja nimeitia kwenye hii bahasha. Ni ya kwako.

Ildefonce

*

Tarakea, 30 Juni 1999

Ildefonce,

Barua yako nimeikuta mlangoni tulivyorudi. Bahasha ilikuwa imefutuka, nikatia mkono kabla ya kusoma, nikatoka na isale. Kwa hiyo kidesturi nimeshaipokea na siwezi kukukatalia. Nimekusamehe. Nimeandika ili iwepo kwenye karatasi.

Theopista yuko hai. Tarehe kumi na sita Gidioni alikuja na gari la kukodi, akamchukua mtoto mikononi mwangu bila kunisemesha, nikawafuata miguu mitupu. Huko hospitali kubwa amewekewa damu mara mbili. Wametupima na sisi. Daktari, dada mmoja mdogo tu, akachora kwenye karatasi. Ni ugonjwa wa damu. Mtoto anaupata akiurithi kwa baba na kwa mama wote wawili, na mimi ninao, na Gidioni anao, tumetembea nao maisha yetu yote bila kujua. Wale wawili wamekufa kwa huo huo. Nikamuuliza, kama tungewaleta mapema? Akasema mapema ni bora siku zote. Akatazama pembeni. Huyu ataishi akitunzwa, kila siku dawa, na maumivu yatakuwa yanarudi.

Unaelewa? Chungu hakikuwa na habari na sisi. Kilikuwa chungu cha bibi kizee aliyeibiwa. Ungesema mwaka ule, usingesema, watoto wangu wangezaliwa na damu hiyo hiyo. Kwa hilo umepona, Ilde, si wewe uliyewaua. Nimelifikiri ndani ya basi njia nzima nikitafuta nafuu.

Halafu nikasoma barua yako nikakumbuka kitu ambacho wewe hukijui.

Nilipomzika yule wa pili nilimwandikia Julius. Aliokuwa anachimba nao walikuwa wanapitia Moshi, nikawapa. Nilimwandikia kwamba mkono wake umeua watoto wangu wawili, na kwamba sitaki kumwona mpaka mmoja wetu afe. Hakujibu. Mwezi uliofuata shimo likawafunika. Hawakuwatoa. Wenzake walituletea begi, nilimwambia Mama nguo tu. Barua yangu ilikuwemo. Ilikuwa imefunguliwa, na imekunjwa kunjwa mpaka maandishi kwenye mikunjo yamefutika, kama kitu kinachosomwa mara nyingi.

Angeandika mstari mmoja tu. Si mimi, ni Ilde. Alikuwa na kalamu, niliikuta kwenye begi.

Mimi nimesamehe la kwangu. La Julius si langu, na mwenyewe huwezi kumpelekea isale, hana hata kaburi.

Mama mpaka leo hajawahi kumwombea misa. Jina lake halitajwi mle ndani, kwa sababu ya Baba, na Baba amekufa na bado halitajwi. Jumapili tarehe nne nakwenda Kibosho kumwambia. Ningetaka aisikie kwenye mdomo wako. Nitafika saa nne baada ya misa, nitakungoja mpaka saa sita. Usipokuja nitasema mimi.

Mektrida

*

Shirimatunda, 5 Julai 1999

Dada,

Nilikuja.

Nilifika kabla yako. Niliingilia njia ya chini, ile ya mfereji, nikakaa kwenye migomba nyuma ya jiko. Ukungu ulikuwa umeshuka. Nilikuona unafika na Theopista mgongoni, una kitambaa cha bluu. Mama akakupokea, akamfungua mtoto akamtazama vidole kimoja kimoja. Mkakaa nje kwenye benchi. Naona ulikaa pale makusudi, na ukawa unatazama njia ya juu. Saa tano ukatazama. Saa sita ukatazama. Kati yangu na nyie palikuwa na migomba miwili.

Nilikuwa nimeyapanga maneno. Nilishasema mbele ya watu zaidi ya ishirini, nikajua hawa ni wawili, na mmoja anajua tayari. Miguu haikunyanyuka. Sina maelezo mengine, dada, ningekuwa nayo ningekupa.

Ulipoanza kusema sikusikia yote, ulikuwa unasema kwa Kichagga, taratibu. Nilimwona Mama tu. Aliendelea kuchambua maharage kwenye ungo. Halafu mikono ikasimama. Alikuuliza kitu kimoja, wewe ukajibu, akakuuliza tena hicho hicho.

Halafu uliingia ndani na mtoto, nadhani alikuwa analia. Hiki hukukiona ndo maana nakuandikia. Mama aliinuka akaja mpaka ukingoni mwa migomba, upande wangu. Alisimama, akaita. "Julius!" Hakuita kama mtu wa msibani. Aliita kama alivyokuwa anamwita chakula kikiiva, ile ya kuvuta mwisho. Nilikuwa sijalisikia jina hilo kwenye mdomo wake miaka tisa.

Akawa anangoja, dada, amegeuza sikio kidogo. Mimi nilikuwa hatua tano, naona mpaka pumzi yake inavyotoka kwa baridi.

Akaita tena.

Ildefonce